Mbuzi Aliyeliwa Mbele ya Kamera

Binti yangu anayefanya kazi mjini Wote amechukua kanda yetu ya zamani, akaipeleka kwa mafundi anaowajua yeye, na imerudi ikiwa ndani ya simu. Filamu nzima. Mimi niliyeilinda kanda ile kwenye kiondo miaka yote kama yai la mbuni, sasa naambiwa inaweza kutumwa hadi Kitui kabla sijamaliza kupiga chafya. Jumapili tuliitazama sebuleni, chini ya cheti changu cha gumbaru, ile elimu ya watu wazima, ambacho jua limekichoma mpaka kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Watoto walicheka hadi sahani ya muthokoi ikamwagika. Walichocheka zaidi ni koti langu. Nikawaambia wacheke tu, lakini bila koti lile hakuna hata mmoja wao angekuwa ameketi pale akimwaga chakula changu.

Nisimulie mwenyewe, maana wakisimulia wao wanaanzia katikati.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kutengeneza baiskeli sokoni Kalamba. Jioni, nikishajisugua grisi kwa mchanga, nilikwenda darasa la watu wazima lililofanyika ndani ya kanisa. Tulikuwa wanafunzi wa kila aina. Kulikuwa na akina nyanya waliotaka kusoma Biblia bila kuazima macho ya mjukuu, na wazee waliochoka kuwekewa wino kwenye kidole gumba kama watoto wanaopakwa dawa. Mimi nilimwambia mwalimu nataka kusoma maandishi kwenye maboksi ya spea. Sababu yenyewe ilikuwa imekaa benchi la mbele, msichana wa cherehani aliyeshona kwenye veranda ya duka la nafaka, na aliyeacha shule mapema kama mimi kwa sababu zilezile za nyumba nyingi za huku.

Nilimtaka msichana yule kama shamba la Makueni linavyotaka mvua ya Novemba. Lakini ulimi wangu, ambao sokoni ungeweza kumuuzia punda kengele ya baiskeli na punda akaondoka akishukuru, mbele yake ulikauka. Neno pekee lililotoka lilikuwa kumwomba raba. Basi kila jioni nilimwomba raba. Nilifuta makosa, nikafuta na maneno niliyoandika sawa, ili nipate kuirudisha na kuiomba tena. Daftari langu lilikuwa na matundu kama chujio la chai.

Hapo ndipo alipotokea dairekta.

Alikuwa mpiga picha za harusi pale Wote, mwenye kamera kubwa kama mzinga wa nyuki, na aliibeba begani hivyohivyo, kwa tahadhari, kana kwamba nyuki wangetoka. Alikuwa amepiga harusi nyingi mpaka akafikia uamuzi kwamba kuoana ni kichekesho kilichokosa tu mtu wa kukiandika. Akakiandika. Hadithi yake ilikuwa ya kijana fukara anayeazima kila kitu ili aoe: anaazima koti, anaazima wajomba, anaazima mbuzi, anaazima hata kikohozi cha heshima kutoka kwa jirani. Siku ya kupeleka ntheo, msichana anaulizwa kama mbuzi aliwe, anakataa, anaruka kwenye baiskeli ya muuza maembe kutoka Mbooni, na bwana harusi anabaki ameshika sufuria. Dairekta alituambia watu wangecheka mpaka wazimie, na sisi tungekuwa nyota. Pesa hakuzitaja. Alisema tutakula nyama.

Kwa wasiotoka kwetu niseme hivi: Mkamba hajaoa mpaka ntheo imefika. Ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu. Huyo beberu huchinjwa nyumbani kwa msichana, na upande ule wetu, kabla mtu hajatia mnofu mdomoni, msichana huulizwa mbele ya wazee kama mbuzi huyu aliwe. Akisema aliwe, kazi imekwisha. Gauni na keki na kanisa kupambwa ni mambo unayoweza kufanya hata ukiwa na wajukuu. Mbuzi akishaliwa, ameliwa.

Mimi nilichaguliwa kuwa bwana harusi kwa sababu nilikuwa na koti. Niliachiwa na mjomba mrefu kama mlingoti wa bendera, na ndani yake kuku angeweza kutaga na kuangua bila mimi kujua. Msichana wa cherehani alichaguliwa kwa sababu angeshona nguo za waigizaji bure. Nilipoambiwa yeye ndiye bibi harusi wangu, nilifunga nati ya gurudumu la mteja mpaka ikavunjika.

Tatizo lilikuwa baba yake. Dairekta alitaka kutumia boma lake kwa kuwa lina kivuli na ukuta uliopakwa chokaa, ila sehemu ya baba angeigiza mtu mwingine. Mzee akakataa. Alisema hakuna mwanamume atakayesimama katika boma lake akijiita baba wa binti yake yeye akiwa hai anatazama. Alisema pia kwamba yeye ni mzee wa kanisa na hawezi kudanganya mbele ya mashine. Wakija kwake na mbuzi, waje na mbuzi. Dairekta alifurahi kupita kiasi. Alituambia mzee yule ana kipaji cha kuzaliwa nacho.

Mbuzi walikuwa wa mama yangu. Alikubali kuwaazima kwa masharti: majike wawili warudi jioni, na awalete yeye mwenyewe, maana walimsikia yeye tu na hakumwamini mtu anayebeba mzinga usio na asali. Beberu ndiye angekuwa malipo ya waigizaji. Habari za beberu zikawafikia wajomba zangu. Walikuja wote, hata mmoja ambaye kwa kweli tulikuwa tumeshamlilia.

Sasa hesabu mwenyewe. Baba wa msichana ni baba yake. Mama wa kijana ni mama yake. Wajomba ni wajomba, wazee ni wazee wa kijiji, na pasta wetu amekaribishwa kuombea chakula. Mbuzi ni mbuzi. Katika boma lile zima kitu cha kuigiza kilikuwa kimoja tu, nia, na nia haionekani kwa macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona hatari. Tulikuwa tunaangalia sufuria.

Tuliigiza tangu asubuhi. Kanda ilikuwa moja, na hata hiyo ilikuwa na harusi ya watu wengine ndani yake, ambayo dairekta aliifuta kwa kupiga yetu juu yake. Kwa hiyo tulikatazwa kukosea. Ilipofika jioni, nyama ikiwa imeiva na wazee wamekaa kwenye viti vyao wakimeza mate ya kweli, mzee alisimama. Sikuona mtu anayeigiza. Niliona mtu anayenitisha.

"Binti yangu," alisema, "hawa watu wameleta mbuzi. Tule, au tusile?"

Muuza maembe alikuwa langoni, mguu mmoja kwenye pedali, tayari. Msichana aliangalia kamera, kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa kuigiza. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Kwenye simu ya binti yangu unaona nzi anaingia, anatembea kidogo, anatoka.

"Mleni," akasema.

Dairekta alipiga kelele kwamba tukate, turudie. Lakini beberu alikuwa mmoja, na tayari alikuwa mikononi mwa wazee zaidi ya kumi. Mjomba wangu, yule tuliyemlilia, alisema huku akitafuna kwamba yeye yuko tayari kurudia sehemu ile mara nyingi kadiri atakavyoombwa. Muuza maembe alisubiri langoni mpaka giza likaanza kuingia, kisha akaondoka polepole akipiga kengele.

Mama yangu alipoanza kufungua kamba za majike yake, mzee akamjia na kumuuliza kwa upole anawapeleka wapi.

"Mzee, si tumemaliza kuigiza?" mama akasema.

"Nyinyi mmeigiza," mzee akamjibu. "Mimi nimekula."

Akaeleza bila hasira. Binti yake ameulizwa mbele ya wazee, amejibu, watu wameshiba. Majike wanarudi kwa sababu moja tu, kijana amkatae msichana mbele ya wazee walewale, na atoe sababu. Pasta alitaka kusema neno, lakini alikuwa na mbavu mkononi.

Tulirudi nyumbani bila mbuzi. Mama hakunisemesha wiki nzima. Tulikunywa chai ya rangi, na kila kikombe aliniwekea mezani kwa mlio wa hukumu. Kila alipopata nafasi alipanda kilima kwenda kuwaona mbuzi wake, na kiondo chake kimejaa maganda ya mgunga. Mzee alimpokea kwa heshima zote, akimwita muthoni, yaani mkwe, naye mama akajibu kwamba hakuja kwa ukwe, alikuja kusalimia mbuzi. Mmoja wa majike akazaa kule. Mama alilia kama mtu aliyekosa harusi ya mwanawe.

Na mimi je? Mtu wa nje angesema nimeokota embe lililojiangukia. Niliyemtaka nimepewa. Lakini nilikuwa silali. Wazee wale walikuwa wamekaa tangu asubuhi na njaa, na yeye ni msichana mwenye huruma. Huenda alisema "mleni" kama unavyomwambia mgeni karibu chai. Nikikaa kimya, nimechukua mke kwa mbuzi wa kuazima, mke aliyejibu kwa ajili ya matumbo ya watu wengine. Nikidai mbuzi, nimemkataa mbele ya kijiji kizima, msichana ambaye sijawahi hata kumwambia nampenda. Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja tu, kama alisema kwa moyo wake.

Nikaamua kwenda kumuuliza. Nilipasua mfuko wa koti kwa makusudi ili nipate kisingizio cha safari, nikafika kwenye veranda, nikamkuta anakanyaga cherehani. Njiani kote nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri kama matofali. Nilipofungua mdomo, nilichosikia kikitoka ni hiki:

"Una raba?"

Aliacha kukanyaga. Akanitazama kwa muda ambao mahindi yangeota, yakakomaa, yakavunwa. Kisha akachukua koti bila neno, akainama, akashona. Aliponirudishia, mfuko ulikuwa umezibwa kabisa juu hadi chini, hauingii hata kidole. Nikaelewa. Nilidhani nimeelewa. Fundi mzuri kama yule hazibi mfuko kwa bahati mbaya. Huko ndiko kufungiwa mlango.

Basi nikaenda kwa baba yake, nikamwomba wazee wakae. Nilimwambia kwamba kama binti alijibu kwa sababu ya njaa ya watu, ni haki aachiliwe. Mzee alinitazama kama anayeangalia ng'ombe anayekataa maji, lakini akawaita.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada, bomani kwake, na kijiji kizima kikakumbuka kwamba kina shughuli njia ile. Dairekta alikuja pia. Alikuwa amesikia watu wa Kalamba wakisema anawaozesha watoto wa wenyewe kwa hila, na kwa hofu alibeba televisheni na jenereta kutoka Wote. Alitaka kutuonyesha kwa macho yetu kwamba yote yalikuwa mchezo. Pasta akaanza kwa kusema filamu si ndoa. Mzee mmoja asiye na meno akamuuliza, taratibu, mbavu zile alikula nani. Pasta akaomba maji ya kunywa.

Jenereta ikawashwa. Wengi walikuwa hawajawahi kujiona. Nyanya mmoja alijisalimia, akasubiri ajibiwe. Wajomba zangu walipigiwa makofi kwa jinsi walivyokula. Tulicheka mpaka tukasahau kwamba tumekuja kuvunja ndoa, halafu picha ikafika pale mzee anaposimama na kuuliza.

Tulisikia kitu ambacho siku ile hatukukisikia, lakini kamera ilikinasa, kwa kuwa kinasa sauti chake kilikuwa karibu na mdomo wa dairekta. Alikuwa ananong'ona. "Kataa. Kataa, msichana. Kataa bwana, kanda inaisha." Na msichana alimsikia, ilionekana wazi, maana aligeuka akaiangalia kamera moja kwa moja, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mchuuzi hapana, sinunui. Kisha akageuka upande wangu, mimi na mdomo wangu na nzi wangu, akasema, "Mleni."

Mzee akaamuru mashine isimamishwe.

"Kwenye karatasi yako," akamuuliza dairekta, "uliandika aseme nini?"

"Akatae, mzee."

"Na yale mengine ya siku ile, aliyasema ulivyoandika?"

"Yote. Hakukosea hata moja."

"Basi hili neno moja ni la nani?"

Dairekta alivua kofia. Alikuwa amebeba televisheni ile njia yote ya mawe kuja kuthibitisha kwamba ni mchezo, na sasa jasho lilimtiririka kama aliyenyeshewa. "Mzee," alisema, "hilo si langu."

Macho yote yakamgeukia msichana. Alikuwa amekaa na akina mama, mikono mapajani. Alisimama bila haraka.

"Huyu ameniomba raba tangu tukiwa kwenye herufi ya kwanza," alisema. "Nimenunua raba mpaka mwenye duka anafikiri nazipika. Nilijua nikimngoja afungue mdomo mwenyewe nitazeekea pale benchini. Baba aliponiuliza, nikajibu. Sasa na yeye aulizwe."

Mzee akanigeukia. Akaniuliza kama nimekuja kuchukua mbuzi. Mimi niliyekuwa na ulimi wa kuuzia punda kengele, nilisimama pale kama baiskeli iliyokatika mnyororo. Kuku walisimama. Upepo wa Mbooni ulisimama. Nadhani hata jenereta ilizima kunisikiliza, ingawa dairekta alisema ni mafuta yaliyoisha.

"Mbuzi wakae," nikasema. Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikamgeukia yeye. "Nilikuwa na raba yangu. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nayo mfukoni."

Boma likacheka kwa namna ambayo wenye nyumba za mbali walitoka nje kuangalia. Yeye hakucheka. Alifunika uso kwa leso, na mabega yakamtikisika, na mpaka leo hataki kusema kilichokuwa nyuma ya leso ile.

Kelele zilipotulia, sauti ya mama yangu ilitoka nyuma ikauliza, na maziwa yake je. Mzee alisimama tena kwa heshima, akasema muthoni wake hatakunywa chai ya rangi akiwa hai, akatoa yule mtoto wa mbuzi, jike, akamkabidhi pale pale. Mama alimkagua meno, masikio, kwato, kisha akamwita mkwe kwa mara ya kwanza. Alimaanisha mzee. Nafikiri.

Dairekta alikuwa amebeba kamera begani wakati wote huo. Lakini kanda ilikuwa kwenye televisheni, na nyingine hakuwa nayo, kwa hiyo kipande kizuri kuliko vyote hakikupigwa. Filamu inaishia kwenye "mleni," wazee wanakula, na papo hapo bila onyo anatokea bwana mmoja mnene na bibi harusi wake wakilishana keki, mabaki ya ile harusi iliyokuwemo kwanza. Tuliionyesha Mbooni, tukaionyesha Kitui. Watu walicheka vizuri. Lalamiko lilikuwa moja kila mahali: yule mtu wa maembe anaendesha baiskeli filamu nzima, na mwisho hakuna anachofanya.

Basi, hiyo Jumapili ya juzi, watoto wakinitania, binti yangu akaenda chumbani akaleta lile koti. Sikulivaa tena baada ya mambo yale, maana mama yao alinishonea jingine la kunitosha, na la mjomba likabaki kwenye msumari likilisha nondo. Akalivaa, akatembea nalo sebuleni akifungua mdomo kama mimi. Kisha akasimama. Akabonyeza ubavuni.

"Baba, hapa kuna kitu."

Nikamwambia hapo hapana kitu, huo ni mfuko uliozibwa na mama yake siku aliponikasirikia. Mama yake alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho. Binti akachukua wembe, akafumua ule mshono, na haukufumuka kwa urahisi, ni mshono wa mtu aliyekusudia. Akaingiza vidole. Akatoa raba. Ilikuwa imekauka, ngumu kama jiwe, kona moja imeliwa na kufuta.

Nilimwangalia mke wangu, nikimngoja aseme neno.

"Uliuliza kama ninayo," akasema, akatupa haragwe bovu.

Binti yetu hakuridhika. Ana kijana wake wa Mbooni ambaye wazazi wake wameanza kuulizia njia ya kuja kwetu, na mambo haya sasa yanamhusu. Akamuuliza mama yake aeleze basi, siku ile bomani, mbele ya wazee na kamera, ni nini hasa kilimfanya aseme mleni.

"Nyama ilikuwa inaungua," mama yake akamjibu, akainuka kwenda kuinjika maharagwe.